Njia za Misafara, Mito na Neva ya Jicho: Historia ya Upofu Kusini mwa Maniema

Upofu wa watu wengi una historia yake, kama biashara na vita vilivyo na historia yake. Katika maeneo ya Kasongo na Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, historia hiyo inafuata njia zile zile zilizopitiwa na pembe za ndovu, watumwa, askari na, baadaye, madaktari. Kwa muda wa karne moja na nusu hivi, ndui, malale, dawa za malale zenyewe, upofu wa mtoni na surua vimepokezana katika kupunguza nuru ya macho ya Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na jirani zao wa mabonde ya Lualaba na Luama, na kila kimoja kati ya vyanzo hivyo, kilipotambuliwa, kilikabiliwa kwa kampeni iliyowalenga watu kwa makundi. Insha hii inafuatilia mpokezano huo, inaeleza namna kila ugonjwa unavyoliharibu jicho, kisha inafikia glakoma, ugonjwa ambao haupigi kwa makundi wala hautangazi kuja kwake, na inatetea hoja kwamba silaha zilizoshinda maradhi ya awali hazitoshi kuushinda huu.

Ili mpokezano huo ueleweke, ni lazima kwanza ijulikane njia ambayo nuru huifuata ndani ya jicho. Nuru hupenya kwenye konea, yaani utando mgumu na angavu ulio mbele ya jicho, hupita katika mboni, hukusanywa na lenzi iliyo nyuma yake, kisha huangukia retina, ambayo ni tabaka la chembe zinazohisi mwanga katika ukuta wa nyuma wa jicho, na kutoka hapo habari ya kilichoonwa husafirishwa hadi ubongoni na neva ya jicho, fungu la nyuzi zipatazo milioni moja. Ndui na surua huharibu konea na kuacha chamba, yaani kovu jeupe linalozuia mwanga. Mtoto wa jicho huitia lenzi ukungu. Upofu wa mtoni hushambulia konea, retina na neva kwa pamoja. Ilhali glakoma, kama zilivyofanya baadhi ya dawa za kale za malale, huua nyuzi za neva. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika tiba, kwa kuwa lenzi yenye ukungu huweza kutolewa na kubadilishwa, na konea yenye kovu huweza kupandikizwa nyingine palipo na huduma hiyo, lakini uzi wa neva uliokufa haurudishwi na dawa wala upasuaji wowote unaojulikana hadi leo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupitia Tabora hadi Ujiji iliendelezwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Nyangwe na Kasongo karibu na mto Lualaba. David Livingstone alikaa muda mrefu Kabambare, aliyoiandika Bambarre, kati ya 1869 na 1871, akiwa amezuiwa na vidonda vya miguu, na mnamo miaka ya 1870 Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kama Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu, hata ikakua kuwa mji wenye mashamba ya mpunga, misikiti na watu wa asili mbalimbali waliounganishwa na Kiswahili. Kwamba macho yaliteseka katika njia hiyo si jambo la kukisia, kwa maana John Hanning Speke, alipofika Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton mwezi Februari 1858, alikuwa na uvimbe mkali wa macho kiasi cha kutoweza kuliona sawasawa ziwa alilolitafuta kwa miezi mingi, naye alikuwa msafiri aliyebebewa mizigo na kutafutiwa dawa, hali ambayo mpagazi na mtumwa hawakuwa nayo.

Mmojawapo wa magonjwa yaliyopofusha wengi katika enzi hiyo, katika Afrika ya Mashariki na Kati kama ilivyokuwa Ulaya na Bara Hindi kabla ya chanjo kuenea, ulikuwa ndui. Virusi vyake hupita kwa pumzi na kwa kugusana, kwa hiyo viliipenda misafara ya mamia ya watu waliolala pamoja, waliokula kidogo na waliohama kutoka mji hadi mji kabla ugonjwa haujajionyesha. Na kwa yule aliyenusurika, vipele vilivyotokea kwenye konea, au vidonda vilivyofuatia baada ya homa kupungua, viliacha chamba katika jicho moja au yote mawili. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo, yaliyoongozwa na Francis Dhanis, na wakuu wa Kiarabu na Kiswahili, wakiwamo Rumaliza na Sefu mwana wa Tippu Tip, viliwalundika watu katika ngome na kuwatawanya tena bila chakula, na kuanguka kwa Nyangwe mwezi Machi 1893, Kasongo mwezi Aprili mwaka huo na Kabambare mwezi Januari 1894 kuliacha nchi iliyo tayari kupokea kila gonjwa. Ndui haikukoma nchini Kongo hadi 1971, baada ya kampeni kubwa ya chanjo, na dunia nzima ilitangazwa kuwa salama mwaka 1980.

Katika vita hivyo anatokea pia mtu mmoja ambaye macho yake yanaonyesha mipaka ya tiba ya wakati huo. Emin Pasha, yaani Eduard Schnitzer, daktari mzaliwa wa Silesia aliyewahi kuwa gavana wa Ikweta kusini mwa Sudan, aliuawa mwezi Oktoba 1892 huko Kinena, katika msitu ulio kaskazini ya nchi hii, kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakuu wa Kiarabu wa eneo hilo. Alikuwa na uono hafifu tangu zamani, na katika miaka yake ya mwisho mtoto wa jicho alikuwa amemfikisha karibu na upofu, ingawa upasuaji wa kuitoa lenzi ulikuwa umejulikana tangu Jacques Daviel alipouanzisha nchini Ufaransa katikati ya karne ya 18. Ujuzi ulikuwapo duniani kwa takriban miaka 150, lakini haukuwa katika umbali ambao hata daktari mwenyewe angeweza kuufikia. Na hali hiyo, ya tiba kujulikana mahali pamoja na kukosekana mahali pengine, inajirudia katika kila sura ya historia hii.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Kasongo iliingia katika vitabu vya tiba kwa sababu ya kifo. Wanasayansi wawili wa Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Liverpool, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walitumwa Kongo mwaka 1903 kuchunguza malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, na walipokuwa wakipanda kuelekea mashariki walithibitisha pia kwamba homa ya vipindi inayowapata wasafiri katika nyumba za udongo huambukizwa na papasi, jambo lililogunduliwa wakati huo huo nchini Uganda na watafiti wengine. Wote wawili waliambukizwa homa hiyo, na Dutton alifariki Kasongo tarehe 27 Februari 1905. Homa ya papasi nayo ina sehemu yake katika historia ya macho, kwa kuwa vimelea vyake huweza kuleta uvimbe katika mduara wa rangi unaoizunguka mboni, na uvimbe huo usipotibiwa huweza kuifunga njia ya maji ya ndani ya jicho na kupandisha shinikizo lake, aina ya glakoma inayozaliwa na ugonjwa mwingine.

Malale ndiyo yaliyoleta upofu wa ajabu kuliko wote, yaani upofu ulioletwa na dawa. Dutton na Todd walipendekeza kwamba watu wachunguzwe kwa kupapaswa tezi za shingo na kwamba wagonjwa watengwe, na mwaka huo huo wa 1905 wenzao wa Liverpool, Harold Wolferstan Thomas na Anton Breinl, walionyesha kwamba atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake, iliua vimelea vya malale katika wanyama wa maabara. Robert Koch aliitumia dawa hiyo katika visiwa vya Sese vya Ziwa Victoria mnamo 1906 na 1907, na alipoongeza kipimo chake, wagonjwa 22 walipofuka kabisa kwa sababu aseniki ilikuwa imeua neva zao za macho. Serikali ya Kongo nayo iliitumia atoksili kwa wingi katika vituo vya kuwatenga wagonjwa, na upofu wa namna hiyo ulionekana huko pia, ukawa mojawapo ya sababu zilizowafanya wenyeji wavikimbie vituo hivyo na kuviona kuwa mahali pa kufia. Dawa iliyofuata, triparsamidi, iliyojaribiwa na Louise Pearce mjini Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mnamo 1920 na 1921, iliponya hata wagonjwa ambao vimelea vilikuwa vimekwisha kuingia ubongoni, lakini iliacha alama ile ile: kwanza uono wa pembeni hupungua, kisha kinachobaki ni duara dogo la katikati, na mwisho giza. Huko Bafia nchini Kamerun, mwishoni mwa miaka ya 1920, vipimo vilivyozidishwa viliwapofusha watu wapatao 700.

Kusini mwa Maniema ni sehemu ya ukanda wa malale wa Kongo, na vikosi vya wauguzi waliokwenda kijiji hadi kijiji, wakiita watu wote kwa majina na kuwapima, vilikuwa sehemu ya maisha ya utawala wa Wabelgiji. Mbinu hiyo, yenye amri nyingi na maelezo machache, ilifanikiwa: ilipofika mwaka 1960 ugonjwa ulikuwa umedidimia, na uliporejea kwa nguvu katika miaka ya 1990, hata Kongo ikaripoti zaidi ya wagonjwa 26,000 katika mwaka 1998 pekee, vikosi vya kutembea vilifufuliwa na idadi ikashuka tena chini ya 1,000 kwa mwaka ndani ya miongo miwili. Tangu mwisho wa 2018 kuna feksinidazoli, kidonge kinachomezwa ambacho hakina aseniki, na hivyo upofu wa dawa ya malale umebaki kuwa habari ya kale.

Upofu wa mtoni, ambao kitaalamu huitwa onkosekiasisi, una historia inayoanzia magharibi kidogo ya Maniema. Kati ya 1930 na 1932 daktari wa Kibelgiji Jean Hissette, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ya Sankuru na Lomami, alitambua kwamba vipofu waliojaa katika vijiji vya kandokando ya mito walikuwa na vimelea vya minyoo machoni, jambo ambalo lilikuwa limeelezwa nchini Guatemala na Rodolfo Robles lakini halikuaminiwa kuwapo Afrika. Ujumbe wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioongozwa na Richard Strong ulikwenda Kongo mwaka 1934 na ukathibitisha kwamba Hissette alisema kweli. Ugonjwa huu hubebwa na usubi, inzi wadogo weusi ambao viluwiluwi vyao huhitaji maji yanayokwenda kasi na yenye hewa nyingi, na ndiyo maana hustawi penye maporomoko na mawe, ambayo Lualaba na mito inayomiminika ndani yake ina mengi. Usubi akimuuma mtu humwachia vimelea vinavyokua kuwa minyoo iishiyo katika vinundu vya chini ya ngozi kwa miaka 10 hadi 15, na kila mnyoo jike huzaa mamilioni ya vitoto vinavyotembea ngozini na machoni. Vitoto hivyo vinapokufa, mwili huwaka kwa uvimbe, ngozi huwasha bila kukoma, konea hugeuka kuwa kovu, na retina pamoja na neva hudhoofika.

Kwa kuwa mashamba mazuri na samaki viko karibu na mto, jamii zilizopatwa na ugonjwa huu zililazimika kuchagua kati ya njaa ya mbali na mto na upofu wa karibu nao. Mwanzo wa ukombozi ulikuwa mwaka 1987, kampuni ya Merck ilipotangaza kwamba itaitoa bure dawa yake Mectizan, yaani ivermektini, kwa muda wote itakapohitajika. Dawa hiyo ilitokana na kazi ya Satoshi Ōmura na William Campbell, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ivermektini haiui minyoo mikubwa, bali huviondoa vitoto na kuwazuia minyoo kuzaa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ni lazima imezwe kila mwaka na karibu kila mtu mpaka minyoo izeeke na kufa. Mpango wa Afrika wa kudhibiti ugonjwa huu, ulioanza 1995 na kujulikana kwa herufi APOC, uliigawa Kongo katika miradi ya ugawaji unaoendeshwa na jamii zenyewe, na mmoja wa miradi hiyo uliitwa kwa jina la Kasongo. Wanakijiji waliochaguliwa na wenzao walipima urefu wa kila mtu kwa fimbo yenye alama na kumpa idadi ya vidonge inayolingana na urefu huo, kazi iliyowezekana hata katika nchi iliyokuwa imetoka katika vita vya 1996 hadi 2003, ambavyo vilikuwa vimevunja barabara, vimepora zahanati na kuwakimbiza watu msituni.

Sura ya surua ndiyo inayoipa Kasongo nafasi ya pekee katika fikra za afya ya umma. Surua hupofusha kwa njia ya mzunguko: homa yake huimaliza akiba ndogo ya vitamini A iliyo katika mwili wa mtoto mwenye lishe duni, konea hukauka, hulainika na kupasuka katika siku chache, na mtoto aliyeponea kifo hubaki kipofu. Mawese mekundu, ambayo ni kiungo cha kila siku cha sombe, yaani majani ya muhogo, na vyakula vingine vya Maniema, yana kiasi kikubwa cha viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, lakini kinga hiyo haimtoshi mtoto aliyeshikwa na surua na kuhara kwa wakati mmoja. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, chini ya fikra za maprofesa Pierre Mercenier na Harrie Van Balen, iliendesha huko Mradi wa Kasongo, na utafiti wake juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981, ulizua mjadala uliodumu miaka mingi kwa kuuliza kama kuzuia ugonjwa mmoja kunatosha kumwokoa mtoto ambaye hana huduma nyingine.

Jibu la mradi lilikuwa kwamba kampeni ya ugonjwa mmoja haiwezi kuchukua nafasi ya kituo cha afya kilicho wazi kila siku, chenye muuguzi anayewajua watu wake, chenye kadi ya kila familia, na kinachoungana na hospitali inayopokea wagonjwa waliomshinda. Mawazo hayo yaliingia katika mpangilio wa zoni za afya, ambazo ziliigawa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa katika miaka ya 1980, katika sehemu 306, kila moja ikiwa na hospitali kuu ya rufaa na vituo vyake vya afya, na ni mpangilio huo ambao hadi leo unaziendesha zoni za Kasongo, Kunda, Samba, Kabambare, Lusangi na Saramabila.

Glakoma ndiyo inayoujaribu mpangilio huo kwa ukali zaidi. Ndani ya jicho hutengenezwa maji maangavu yanayolisha lenzi na konea kisha kutoka kupitia vichujio vidogo vilivyo pembeni mwa mduara wa rangi. Vichujio hivyo vikiziba polepole, shinikizo la ndani ya jicho, ambalo kwa wengi huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, hupanda na kuibana neva pale inapotoka jichoni, ingawa wapo ambao neva yao hufa hata kwa shinikizo la kawaida. Aina iliyo kuu miongoni mwa Waafrika haina maumivu wala wekundu, huanza kwa kuuondoa uono wa pembeni ambao jicho la pili huufidia, na humwacha mgonjwa akiona vizuri mbele yake mpaka sehemu kubwa ya nyuzi za neva zimekwisha kufa. Mzee wa kijijini anayejikwaa na kugongana na watu hudhaniwa kuwa ameshikwa na uzee au mtoto wa jicho, naye husubiri ukungu uive ili apasuliwe, wakati kinachoendelea ni ugonjwa ambao kila mwezi wa kusubiri huondoa kisichorudi; na dawa za majani zinazotiwa machoni, ambazo huweza kuleta vidonda vya konea, huongeza dhara juu ya dhara.

Utafiti uliofanyika wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta na glakoma watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na tafiti za Baltimore na Barbados zilionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika hupatwa mara nyingi zaidi, hupatwa mapema zaidi na hupofuka kwa wingi zaidi kuliko Wazungu. Hatari huwa kubwa kwa ndugu wa damu wa mgonjwa. Tiba haina uwezo wa kurudisha kilichopotea, bali hushusha shinikizo ili kilichobaki kidumu, na Afrika imo katika historia yake tangu mwanzo, kwa kuwa mojawapo ya dawa za kwanza za matone, fizostigmini, iliyotumiwa na Ludwig Laqueur mwaka 1876, ilitoka katika mbegu ya Calabar, nchini Nigeria ya leo. Siku hizi hutumika zaidi matone ya timololi, ambayo hayafai kwa mwenye pumu, au upasuaji unaoyafungulia maji njia mpya, au mwanga wa leza. Na jaribio lililofanyika Moshi, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ya leza ilikuwa imefanikiwa katika asilimia 61 ya macho, ikilinganishwa na asilimia 31 kwa matone ya timololi.

Tofauti kati ya glakoma na maradhi yaliyotangulia sasa iko wazi. Ndui ilishindwa kwa chanjo moja, surua huzuiwa kwa sindano, upofu wa mtoni kwa vidonge vya mara moja kwa mwaka, na malale kwa vikosi vinavyopita na kuondoka, lakini mgonjwa wa glakoma anahitaji kupimwa kabla hajalalamika, kupewa matone kila siku ya maisha yake, na kurudiwa kuangaliwa na mtu yule yule mwenye kumbukumbu ya jana. Hakuna gari la kampeni linaloweza kufanya hivyo. Wataalamu wa macho wa Kongo wamejikusanya katika miji mikubwa kama Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu na Goma, na kwa mkazi wa Saramabila safari ya kuwafikia ni ndefu na ya gharama kuliko uwezo wa familia nyingi za wakulima.

Kwa hiyo urithi ambao kusini mwa Maniema kunapaswa kuutumia dhidi ya glakoma si ule wa vikosi vya kutembea, bali ule wa Mradi wa Kasongo: muuguzi wa kituo cha afya afundishwe kutazama neva kwa kifaa kidogo cha mkononi, kupima shinikizo la jicho la kila mtu aliyetimiza miaka 40 anayefika kituoni kwa sababu yoyote, na kuwaita ndugu wa damu wa kila mgonjwa aliyegunduliwa, na hospitali za Kasongo na Kabambare zipatiwe matone yasiyokatika pamoja na mtu mmoja anayeweza kupasua. Vifaa hivyo ni vichache na vinajulikana, mpangilio wa kuvipokea upo tangu miaka ya 1980, na kinachongojwa ni uamuzi wa wenye mamlaka ya afya mkoani na wa wale wanaowasaidia. Kila mwenye umri wa miaka 40 aliye na mzazi au ndugu aliyepofuka bila maumivu asingoje uamuzi huo: ni vyema akapimwe macho mapema, angali anaona.